Mti wa folda kwenye hifadhidata: dhana potofu na ukweli

Wiki hii nimeisikia tena, kuhusu kuhifadhi mti, yaani folda ndani ya folda: "Jedwali halijui mti, ndiyo maana tumeandika njia nzima ya kila faili kama maandishi." Nimechoka nayo, kwa hiyo naanza na hiyo.

Mteja ananifungulia jedwali, na kila rekodi imebeba njia kamili, kama /miradi/daraja/michoro/a1.pdf. Kusoma ni rahisi, sikatai. Lakini mtumiaji akibadili "miradi" iwe "kazi", kila rekodi iliyo chini ya folda hiyo lazima iandikwe upya. Ziwe 50,000, basi zote 50,000 zinaguswa kwa ajili ya neno moja. Isitoshe, wakitafuta yaliyomo kwa LIKE '/miradi/daraja%', yaani kila njia inayoanza hivyo, wanaletewa na ya /miradi/darajani, kwa kuwa wamesahau kufunga jina la folda kwa alama ya /. Na alama ya _ ndani ya LIKE husimama badala ya herufi yoyote moja, ilhali majina ya faili yamejaa alama hiyo.

Ukweli ni kwamba safu tatu zinatosha: id (namba ya rekodi), mzazi_id (id ya folda iliyoibeba) na jina. Kubadili jina kunagusa rekodi moja. Kuhamisha tawi zima, liwe kubwa namna gani, ni kubadili mzazi_id ya folda moja. Njia kamili unaijenga pale unapoihitaji kwa WITH RECURSIVE, ulizo linalojirudia hatua kwa hatua: unaanza na faili, unapanda mzazi hadi mzazi, na unasimama pale mzazi_id ilipo NULL, yaani tupu. Uwezo huu umo katika kiwango cha SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, tangu 1999. Kwa programu za hifadhidata, PostgreSQL inao tangu 2009, SQLite tangu 2014, MySQL tangu toleo la 8.0 la 2018. Anayesema hifadhidata yake haiwezi, kwanza aangalie anatumia toleo gani.

"Lakini ni polepole." Karibu kila ninapoitwa kwa malalamiko haya, nakuta mzazi_id haina indeksi, ile orodha ya kutafutia rekodi haraka. PostgreSQL haiundi yenyewe indeksi ya ufunguo wa kigeni (sharti kwamba mzazi_id ielekeze kwenye rekodi iliyopo). Iunde wewe, tafadhali.

"Ufunguo wa kigeni unalinda mti." Unahakikisha mzazi yupo, basi. Hauzuii folda kuwekwa ndani ya mjukuu wake, na hapo tawi linakatika na mzizi na kujizunguka lenyewe. Kabla ya kuhamisha, panda kutoka folda inayopokea. Ukiikuta njiani ile unayoihamisha, kataa.

"Nina UNIQUE (mzazi_id, jina), sharti la kukataa jozi inayojirudia, kwa hiyo majina hayajirudii." Ngazi ya juu kabisa, ambako mzazi_id ni NULL, yanajirudia, kwa sababu PostgreSQL, MySQL na SQLite kwa kawaida huzihesabu NULL mbili kuwa tofauti. Mimi huunda rekodi moja ya mzizi tangu siku ya kwanza, na folda zote za juu huwa watoto wake.