Kwa Nini Mtu wa Mombasa Aweza Kumiliki Nyumba Bila Kumiliki Ardhi Iliyo Chini Yake?

Kisauni, Likoni na Changamwe nyumba huuzwa kwa namna mbili: pamoja na ardhi, au bila ardhi. Katika namna ya pili, mkataba hutaja kuta, paa na vyumba, kisha hueleza kwamba kiwanja ni cha mtu mwingine, ambaye mnunuzi ataendelea kumlipa kodi ya kiwanja kama alivyokuwa akilipa muuzaji. Mnunuzi hupelekwa kwa mwenye ardhi au wakala wake, jina hubadilishwa kwenye daftari, na kuanzia hapo risiti hutoka kwa jina jipya. Kwa njia hiyo nyumba moja yaweza kurithiwa na kuuzwa mara kadhaa ilhali udongo iliyosimama juu yake haujabadilisha mwenyewe hata mara moja.

Katika mijadala ya sera, wenye nyumba hawa huitwa maskwota, na jina hilo limezoeleka mno hata wao wenyewe hulitumia wanapodai haki zao. Ni jina lisilowafaa. Skwota ameingia bila ruhusa. Mwenye nyumba bila ardhi, au aliyemtangulia, alibisha hodi: alikubaliwa, akaonyeshwa mpaka, akajenga huku mwenye ardhi akimwona, na kodi akalipa. Anayemchanganya na mvamizi anamvunjia heshima bure, na kibaya zaidi, anamwandikia dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Kuna dhana ya pili, ambayo hata wanaojua tofauti hiyo huishikilia: kwamba aliyelipa kodi ya kiwanja kwa miaka arobaini bila kukosa lazima awe na haki kubwa zaidi ya ardhi ile kuliko aliyeivamia. Sheria ya Kenya inasema kinyume chake, na hapo ndipo penye kiini cha jambo hili.

Asili ya nyumba bila ardhi yaweza kuelezwa kwa ufupi. Desturi za Pwani na sheria ya Kiislamu zilikubali kwamba kilicho juu ya udongo, mnazi au nyumba, kiwe na mwenyewe na udongo uwe na wake. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya kusajili ardhi ya Pwani: aliyewasilisha dai na kulithibitisha alipewa hati, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Wengi walioishi na kulima kwa kufuata mila, hasa Wamijikenda, walibaki bila hati. Bandari na reli zilipowavuta wafanyakazi mjini, wenye hati waliwaruhusu kujenga kwa malipo, mara nyingi kwa miti, udongo na makuti tu.

Sasa tuje kwenye saa ya sheria. Sheria ya ukomo wa madai, Sura ya 22, humpa mwenye ardhi miaka 12 ya kwenda mahakamani kumwondoa anayeikalia ardhi yake bila ruhusa. Akinyamaza hadi muda huo upite, mkaaji aweza kuomba mahakama imtangaze kuwa mmiliki. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani, katika kesi iliyotoka Pwani, ilithibitisha kwamba kanuni hiyo haipingani na Katiba ya 2010. Lakini saa hiyo haianzi kuhesabu mpaka ukaaji uwe kinyume na matakwa ya mwenye ardhi, na ruhusa huisimamisha. Kila risiti ya kodi ya kiwanja ni ushahidi kwamba ruhusa ingalipo.

Mfikirie mvuvi aliyefunga mashine yake kwenye mashua ya mwenzake kwa makubaliano ya kumgawia sehemu ya samaki. Hata akivua kwa miaka thelathini, mashua haiwi yake, kwa kuwa kila mgao alioutoa ulikuwa ni kukiri kwamba mashua ina mwenyewe. Mwenye mashua akiiuza, mvuvi atafungua mashine yake na kwenda nayo. Mwenye nyumba hawezi kufanya hivyo: ukuta wa matofali haufunguliwi. Mahakama huangalia mazingira ya kila kesi, na zimewahi kuitambua nyumba bila ardhi kuwa mali halali, lakini uhalali huo hutegemea makubaliano yaliyokuwapo, ambayo mara nyingi hayakuandikwa popote ila kwenye risiti.

Sera basi ifanye nini? Njia iliyozoeleka ni serikali kununua ardhi na kugawa hati. Ndivyo ilivyofanyika kwenye shamba la Waitiki huko Likoni, lenye ekari zaidi ya 900, ambako hati zilitolewa Januari 2016 na wakaaji wakatakiwa kulipa shilingi 182,000 kila mmoja. Hao, hata hivyo, wengi wao waliingia bila ruhusa baada ya machafuko ya 1997. Hali yao haikuwa ile ya mwenye risiti.

Pendekezo linalonivutia zaidi lilijaribiwa Voi katika miaka ya 1990, mtaa wa Tanzania-Bondeni. Wakazi waliamua kuishika ardhi kwa pamoja kama amana ya jamii, kila mmoja akimiliki nyumba yake. Anayehama huuza nyumba, na ardhi hubaki. Ukiutazama vizuri, huo ni mpango wa nyumba bila ardhi, ila nafasi ya mwenye ardhi imeshikwa na wakazi wenyewe. Mombasa haingelazimika kujifunza umiliki wa aina mpya. Ingebadilisha tu anayeandika risiti. Mtaa mmoja wa mji mdogo ni ushahidi mwembamba, na bei ya ardhi ya Mombasa ni mzigo mwingine kabisa. Tena nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati, mara nyingi huwa na wapangaji kila chumba, na amana yoyote itakayoandika majina ya wenye nyumba peke yao itawaacha hao walipo.