Kwa Nini Tenki Jekundu Hugeuka Pinki, na Wekundu wa Kolo Haugeuki

Pita kijiwe chochote cha bodaboda hapa Dodoma saa saba mchana, iwe Sabasaba, Majengo au Nkuhungu, kisha tazama matenki. Meusi bado ni meusi. Ya bluu yamepauka kidogo tu. Mekundu ndiyo yaliyoumia. Juu ya tenki, pale panapotazamana na jua kutwa, rangi imekuwa pinki yenye unga unga, na kadiri unavyoshuka ubavuni wekundu unarudi taratibu. Mwombe dereva afungue siti, halafu angalia nyuma ya tenki, sehemu ile iliyofunikwa. Utaikuta nyekundu ya kiwandani ikiwa mbichi kabisa, na mstari umekatwa kama kwa rula kati yake na ile pinki.

Kazi yangu ni kubadilisha mwonekano wa pikipiki: matenki, madigadi, kava za pembeni, rimu, na mara nyingine fremu nzima. Kila wiki analetwa mtu na hamu ya nyekundu. Anakuja na picha kwenye simu, pikipiki ya Marekani au ya Japani yenye tenki linalowaka kama tunda lililoiva, anasema, "Fundi, nataka hii hii." Naelewa kabisa anachokitaka, maana nami naipenda. Lakini kabla sijashika msasa huwa namweleza habari ya jua, ya unga, na ya michoro ya miambani ya Kolo, na leo nimeamua kuiandika yote.

Rangi yoyote ile ina mambo mawili makubwa ndani yake. Kuna unga unaotoa rangi yenyewe, ambao wenye viwanda huuita pigimenti, na kuna gundi inayoushika unga huo kwenye bati. Thina ni ya kuvisafirisha tu, ikishafika inapaa. Unga mwekundu huonekana mwekundu kwa sababu unameza mwanga wa bluu na wa kijani na kuturudishia mwekundu. Swali la maana ni kwamba unameza kwa kutumia nini.

Nyekundu nyingi kali za dukani zinatokana na kaboni. Ni molekuli ndefu zilizotengenezwa kiwandani, na uwezo wake wa kumeza mwanga uko kwenye mpangilio wa viunganishi vya atomu. Mionzi ya urujuanimno ya jua ina nguvu ya kutosha kukata baadhi ya viunganishi hivyo. Kikikatika kimoja, molekuli ile haimezi tena mwanga kama mwanzo, imekuwa kama haipo. Zikifa nyingi kiasi, nyekundu inakuwa pinki. Mtu akiwa amechanganya nyeupe ili nyekundu yake ipendeze zaidi, anaiharakishia kifo: molekuli nyekundu ni chache, zimetapakaa, na kila inayokufa inaacha pengo linaloonekana.

Sasa weka hilo Dodoma. Mji wetu uko mita kama 1,120 juu ya usawa wa bahari, na mionzi hii huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Machi bado kuna mawingu ya mvua ya kutusitiri. Oktoba hatuna. Kiangazi kimekomaa, anga ni tupu, na pikipiki imeegeshwa kijiweni tangu asubuhi tenki likiangalia juu. Sijui kipindi kinachoiumiza rangi kuliko hicho.

Halafu nenda Kolo. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 180 kaskazini kwa barabara ya Kondoa na Babati, na ukipanda kwenye miamba ya Mungumi wa Kolo utakuta watu wembamba warefu, twiga na pofu, wamechorwa kwa wekundu ambao umekaa pale maelfu ya miaka. UNESCO iliyaingiza maeneo hayo ya michoro ya Kondoa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, yakiwa na mapango na vibanda vya miamba zaidi ya 150. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuinakili michoro hiyo mwaka 1951. Wenyeji wana matambiko yao pale hadi leo. Mimi nilipoitazama kwa mara ya kwanza macho yangu yalikuwa ya fundi: hii rangi haina klia (ile rangi angavu ya kufunika) juu yake, haina hadena (dawa ya kugandisha rangi), na bado ni nyekundu!

Unga wake ni oksaidi ya chuma, ile inayoitwa hematiti. Ni chuma na oksijeni, basi. Na siri ya kudumu kwake ni rahisi kuieleza. Vitu vingi huharibika hewani kwa kuungua polepole, yaani kwa kushikwa na oksijeni. Hematiti ni chuma kilichokwisha kuungua, hakina tena cha kuungua. Wekundu wake hautegemei kiunganishi dhaifu kinachoweza kukatwa na jua, unatokana na jinsi chuma na oksijeni zilivyopangana ndani ya fuwele. Jua linaipiga, inapata joto, basi. Vibanda vya miamba vimesaidia kwa kuzuia mvua isiioshe, lakini kuhusu mwanga haikuhitaji msaada wa mtu.

Ukitaka kuona umri wa maarifa haya, kwenye pango la Blombos huko Afrika Kusini walikuta makombe ya bahari yenye mchanganyiko wa unga huu, wa miaka kama 100,000 iliyopita. Na ukitaka kuuona karibu zaidi, angalia sakafu za nyumba za zamani za hapa mjini, zile za saruji nyekundu. Unga ule uliochanganywa na saruji ni huu huu. Nyumba imechakaa, mabati yametoboka, sakafu bado nyekundu.

Vijana wanaojifunza kwangu huwa nawaonyesha jambo moja. Watu wakichimba shimo la choo, wakati mwingine hutoka udongo wa manjano. Tunauchukua, tunausaga, tunauloweka kwenye ndoo, tunaacha mchanga utulie chini, tunamimina yale maji yenye matope laini na kuyakausha. Unabaki unga laini wa manjano. Tunautandaza kwenye kikaangio chakavu juu ya mkaa mkali. Kwanza unatoa mvuke. Baadaye kingo zinaanza kuwa za machungwa, kisha hudhurungi, kisha wekundu unasogea kuelekea katikati, unauona kwa macho ukitembea. Manjano ile ni oksaidi ya chuma iliyoshikamana na maji, na joto la kama nyuzi 250 hadi 300 linayafukuza yale maji. Kinachobaki ni hematiti. Ukiusaga zaidi, wekundu unaelekea kwenye machungwa. Chembe zikiwa kubwa, unaelekea zambarau. Kijana akishaona hivyo, huhitaji tena kumkaririsha chochote.

Kuna kundi la wateja linaloumia na jambo hili kuliko wengine, nalo ni mashabiki wa Simba. Mtu anataka tenki la Wekundu wa Msimbazi, mstari mweupe katikati, na ana haki yake. Jirani yake kijiweni ni wa Yanga, kapaka kijani. Miaka miwili baadaye kijani kipo na nyekundu imekuwa pinki, na maneno anayoambiwa pale kijiweni siyaandiki hapa. Kemia haina timu. Kijani kingi kizuri hutengenezwa kwa thalosianini, molekuli yenye shaba katikati, imara ajabu kwenye jua. Bluu yake iligunduliwa kwa bahati kwenye kiwanda cha Uskoti mwaka 1928, na kijani hupatikana kwa kuiongezea klorini. Manjano ya Yanga haina bahati hiyo, nyingi zinapauka nazo.

Habari njema kwa Msimbazi ni kwamba zipo nyekundu kali zinazovumilia. Pigimenti ziitwazo kwinakridoni ziliingia sokoni mwaka 1958. Miaka ya 1980 zikaja za familia nyingine iitwayo DPP, na mojawapo, yenye namba ya pigimenti PR 254, ndiyo ambayo watu huihusisha na wekundu wa magari ya Ferrari. Ni ghali, na hapo ndipo penye tofauti kati ya kopo moja na jingine ambalo ukilifungua unaona nyekundu ile ile. Kwa macho hutazitofautisha. Muulize muuzaji karatasi ya maelezo ya rangi, uone namba za pigimenti. PR 101 ni oksaidi ya chuma, PR 122 ni kwinakridoni, PG 7 ni kile kijani cha thalosianini. Muuzaji asiyejua anauza nini huwa namwachia kopo lake.

Zile picha za simu, zenye nyekundu ya kina unayodhani unaweza kuzamisha mkono ndani yake, ni kazi ya aina nyingine. Chini kuna rangi ya fedha inayometa, juu kuna rangi nyekundu angavu, mwanga unapita, unagonga fedha, unarudi tena kupitia nyekundu. Joe Bailon, fundi wa magari wa California, ndiye anayetajwa kuianzisha miaka ya 1950. Ni nzuri mno. Lakini ile nyekundu angavu mara nyingi huwa imeyeyushwa kabisa, haina chembe ya unga, na kila molekuli imesimama peke yake mbele ya jua. Pikipiki zile zinalala ndani na kutoka kwa maonyesho. Kwa pikipiki ya kutafutia riziki Dodoma siipaki, hata mteja akiniongezea hela.

Gundi nayo ina habari zake. Edward Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi ya baiskeli juu ya ubao wa mbao zilizosagwa na kugandamizwa, na mng'ao ule ukawa alama ya mtindo mzima unaobeba jina lake. Rangi ya mafuta ya namna ile hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, polepole, kutoka juu kwenda chini. Kwenye ubao na kwenye baiskeli inafaa sana. Kwenye tenki la pikipiki, petroli ikimwagika pale mdomoni inalainika, unaifuta inatoka na kitambaa. Tenki linahitaji rangi inayogandishwa na hadena, ambayo ikishashikana petroli haiipati.

Na chini ya yote kuna bati lenyewe, ambalo nalo linatamani kuwa oksaidi ya chuma. Kutu ni ndugu wa ule unga wa Kolo, ila hii ina maji ndani, ina matundu, na inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa. Ndiyo maana rangi inavimba kwanza kabla ya kubanduka. Mafundi wengi hupaka prima, yaani rangi ya kwanza ya kushika bati, iliyo nyekundu ya oksaidi, wakidhani wekundu wake unazuia kutu. Unga huo ni mtulivu tu, hauzuii. Kinachozuia ni maji kukosa njia, kwa hiyo kwenye bati tupu mimi naweka prima ya epoksi.

Kwa anayetaka nyekundu idumu, nafanya hivi. Tenki linasafishwa ndani na nje hadi harufu ya petroli iishe, na halisogelewi na moto wala grenda. Rangi ya zamani naipiga msasa kwa maji, kwa sababu vumbi la rangi za kale linaweza kuwa na madini ya risasi. Epoksi, kisha prima ya kusawazisha, kisha tabaka la chini la oksaidi nyekundu, ili hata siku ya juu ikipauka kinachochungulia kiwe chekundu. Juu yake nyekundu yenye pigimenti ya kueleweka, isiyochanganywa na nyeupe. Mwisho klia yenye kizuizi cha mionzi, mikono miwili au mitatu kamili, maana klia nyembamba haizuii kitu.

Wapo wanaokubali shauri langu la pili, la kuacha oksaidi yenyewe ndiyo iwe rangi: wekundu wa tofali, klia isiyong'aa, mistari myembamba myeusi ya kaboni, mkanda wa rangi ya maziwa. Vumbi la Dodoma likitua juu yake halionekani, kwani ni la ukoo mmoja.

Hadena hizi zina isosianati, kemikali inayodhuru mapafu. Kitambaa usoni hakisaidii, barakoa ya vumbi haisaidii. Kinachofaa zaidi ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, na ikikosekana, angalau yenye vichujio vya mkaa, mahali penye hewa, na watoto wakae mbali. Ikishakuingia mapafuni na mwili ukaikataa, pumu yake inaweza kukutoa kwenye kazi hii moja kwa moja.

Ukishapulizia klia ya mwisho, acha tenki siku saba kivulini kabla ya kulitia petroli. Dereva atalalamika kwamba anakosa hesabu ya bosi. Mwazime tenki chakavu la akiba.