Muziki wa Hawaii Five-O: si The Ventures unaowasikia

Wimbi linajikunja, ngoma zinarindima, kisha kamera inamvamia mwigizaji mkuu Jack Lord roshanini kwenye hoteli ya Ilikai, Honolulu. Wengi wakikumbuka mwanzo huo wa Hawaii Five-O, tamthilia ya polisi ya Marekani, huapa kwamba wanaopiga ni bendi ya The Ventures na magitaa yao. Sivyo. Mtunzi ni Morton Stevens, na katika tamthilia hiyo ya televisheni ya CBS iliyoanza 1968 inayosikika ni okestra, tarumbeta zikiwa mbele. The Ventures waliurekodi upya, wakafika nafasi ya 4 kwenye chati ya Billboard mwaka 1969, ndipo masikio yakachanganya (na mimi nilikuwemo). Bendi za vyuo vikuu Marekani bado huupiga viwanjani. Hata toleo jipya la tamthilia hiyo la 2010 halikuthubutu kuuacha.