Pomboo Si Samaki, na Kuzaa Hakutoshi Kumfanya Mnyama Awe Mamalia

Kazi yangu ni kuwapeleka wageni na wanafunzi baharini kutoka Nyali, Mombasa, na kuwaeleza habari za viumbe wanaoishi humo. Kwa miaka yote niliyoifanya, ni nadra wiki kwisha kabla sijamsikia mtu mzima mwenye elimu yake akipaza sauti, "Tazameni samaki yule!" pindi pomboo anapoibuka kando ya mashua. Nilizoea kusahihisha kwa upole, lakini sasa nimechoka, kwa kuwa kosa hili halikuishia midomoni.

Asubuhi moja, maji yalipokupwa, pomboo mdogo alikwama ufukweni Bamburi. Nilipofika nilimkuta kijana akimmiminia maji ya bahari kwa ndoo, moja kwa moja utosini, huku bibi mmoja akimhimiza, "Mtilie zaidi, mwanangu, asije akafa kwa kukosa maji." Hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Walimtendea kama samaki changu aliyetolewa baharini, kumbe utosini ndiko liliko tundu lake la pumzi, na kila lilipofunguka maji yaliingia, mwili wote ukatetemeka.

Pomboo ni mamalia, yaani mnyama anayenyonyesha wanawe, wala hana matamvua, viungo ambavyo samaki huvutia pumzi majini. Ana mapafu kama sisi, na asipopanda juu kuvuta hewa hufa maji ndani ya bahari hiyohiyo aliyozaliwa. Mkia wake umelala bapa na hupigwa juu na chini, kwa kuwa uti wake wa mgongo hujikunja kama wa paka anayekimbia, ilhali mkia wa samaki kama kolekole umesimama wima na hupigwa kushoto na kulia. Jike huzaa mtoto mmoja, kisha humnyonyesha kwa chuchu mbili zilizofichwa katika mikunjo ya tumbo karibu na mkia, akimpulizia kinywani maziwa mazito yenye mafuta mengi kuliko ya ng'ombe. Kwa hiyo ukimkuta amekwama, naomba sana: mlaze kifudifudi, mfunike kwa kitambaa kilicholoweshwa, mtafutie kivuli kwa sababu joto humuua upesi, liache tundu la utosini wazi na kavu, usimburute kwa mkia, na uwaarifu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) bila kukawia.

Ajabu ni kwamba habari hizi si mpya. Aristotle wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alikwisha kuandika kwamba pomboo huvuta hewa na kunyonyesha. Hata hivyo, Msweden Carl Linnaeus, aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi tunayotumia leo, aliwahesabu nyangumi na pomboo miongoni mwa samaki hadi alipochapisha toleo la kumi la kitabu chake mwaka 1758. Humo ndimo alimowahamisha, na ndimo alimoacha jina la zamani lililomaanisha "wenye miguu minne", akaunda jina jipya, Mammalia.

Hapo ndipo huzuka dai la pili, kwamba jina mamalia limetokana na neno letu "mama". La hasha. Linnaeus alilitoa katika neno la Kilatini "mamma", maana yake titi. Ni kweli kwamba watoto wa Kirumi nao walimwita mzazi wao hivyo, lakini sauti hiyo hupatikana katika lugha nyingi zisizo na undugu, kwa kuwa ni miongoni mwa sauti za kwanza ambazo midomo ya mtoto huweza kutoa. Kiswahili kingempa Linnaeus neno linalofaa zaidi, kwani kwetu titi ni ziwa, na kinachotoka humo ni maziwa.

Wapo pia wanaoshikilia kwamba mamalia ni yeyote anayezaa badala ya kutaga. Papa nyundo huzaa, papa shilingi huzaa, na wote wawili ni samaki. Huko Australia, platipasi mwenye mdomo bapa kama wa bata hutaga mayai, naye ni mamalia, kwa sababu wanawe wakianguliwa huramba maziwa yanayotoka katika ngozi ya tumbo lake, maana hana chuchu.

Wafugaji wa njiwa huniuliza mbona ndege wao hulisha makinda "maziwa". Ute ule hutoka katika gole, mfuko wa chakula ulio kooni mwa ndege, na dume hutoa sawa na jike, wala hakuna tezi ya ziwa hapo.

Popo wanaogombania maembe juu ya mabati yetu usiku si ndege. Wana manyoya laini kama ya panya, wana meno, na jike huruka na kichanga chake kimemng'ang'ania kifuani, mdomo ukiwa kwenye chuchu.