Ilaze Chini Kwanza

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alinifuata uwanjani akiwa na picha kwenye simu. Pikipiki, limashine jeusi, masanduku mawili ya alumini ubavuni, taa za kumulika mpaka mwezini. "Mwalimu, hii si ndiyo yenyewe ya porini? Nataka niende Ziwa Natron peke yangu, nizunguke mlima Gelai, nikatokee Longido." Nikamuuliza ina kilo ngapi. Akanijibu: sisi (cc) 1,250.

Sikuuliza sisi. Huyu ni wa nne mwaka huu ninayemuuliza uzito akanitajia injini, sawa na kuulizwa ng'ombe ana kilo ngapi ukajibu urefu wa pembe. Wa tano nitamtumia maandishi haya, mimi niendelee na chai yangu.

Kwanza nijieleze. Mimi ni mtu wa mifugo. Miaka kumi na saba nimebeba chanjo kwenye boksi la barafu nyuma ya pikipiki, boma hadi boma, Monduli na Longido, na siku nyingi nilikuwa peke yangu kwa kuwa bajeti haikuwahi kutosha watu wawili. Siku hizi nafundisha maofisa ugani na wahudumu wa afya kuendesha nje ya lami. Kwa hiyo ninayosema hapa sikuyaokota kwenye tangazo.

Watu hupenda kuniuliza habari za simba. Simba wapo, nimewaona mara chache, na mara zote waliondoka kabla sijaamua la kufanya. Tuendelee.

Kinachommaliza mtu aliye peke yake huko ni kuanguka kwa mwendo wa mtu anayetembea, halafu kushindwa kuondoka pale alipoangukia. Ndiyo yote. Hakuna picha ya kusisimua humo. Unashuka korongo, tairi la mbele linazama kwenye mchanga, unaweka mguu chini, mguu haukuti kitu, mnalala wote wawili. Hujaumia. Saa sita na nusu mchana, jua la bonde la Natron, na Natron ipo chini sana, kama meta 600 tu kutoka usawa wa bahari, joto linakaribia nyuzi 40. Sasa inua pikipiki. Umeinua? Vizuri. Panda, washa, nenda meta thelathini, anguka tena. Inua. Sasa mara ya tatu.

Mara ya kwanza kila mtu anainua. Ile ni hasira na aibu vinavyoinua, misuli haijaanza kazi. Mara ya pili unagundua kiuno chako kinakaa wapi. Mara ya tatu ndiyo kipimo. Pikipiki ya kwenda nayo porini peke yako ni ile unayoweza kuinua mara tatu mfululizo juani, ikiwa na mafuta, maji na mizigo yake yote. Kama ni sisi 100 au sisi 1,000 mimi sina habari.

Tufanye hesabu. BMW R 1250 GS ya kawaida, tanki likiwa limejaa, ni kilo 249 kabla hujafunga hata sanduku moja. Ongeza masanduku, maji, hema, vipuri na ile mashine ya kahawa ambayo mtu mmoja alikuja nayo kweli, tena akanikaribisha kikombe: unakaribia kilo 300. Honda XR150L, ambayo wengi tumefanyia kazi, haifiki kilo 130. Boxer ya bodaboda iko chini ya hapo. Tofauti hiyo ni zaidi ya mwili wako mwenyewe, na mwili wako mwenyewe ndio winchi pekee uliyokuja nayo.

Hapa ndipo mtu hunijibu, "Lakini Mwalimu, kuna ufundi wa kuinua." Najua upo. Naufundisha mimi. Zima injini, weka gia, pindisha usukani mpaka mwisho, ipe mgongo, chuchumaa makalio yakiwa kwenye siti, mkono mmoja usukani, mwingine fremu, sukuma kwa miguu ukirudi nyuma. Ikiwa imelalia upande wa kulia, toa stendi kabla, la sivyo utaiinua na kuiangusha upande wa pili huku unaitazama. Ni kweli kwamba huinui kilo zote hewani, unazizungusha juu ya matairi. Na ni kweli mwanamke mwembamba anaweza kuinua kilo 250 kwa njia hiyo. Video nimezitazama zote, mnanitumia kila wiki.

Sasa zitazame tena, mwangalie yule dada amesimama wapi. Amesimama kwenye sakafu. Sementi au lami, tambarare, viatu vinashika, matairi yanashika. Ule ufundi wote unategemea ardhi isiyokimbia. Nani aliyewahi kuanguka kwenye sakafu? Tunaanguka palepale ambapo ardhi haikushika. Ndiyo sababu tukaanguka. Huko chini ya Ol Doinyo Lengai kuna vumbi la jivu la volkano laini kama unga wa ngano. Ukisukuma kwa miguu, miguu inachimba. Unajizika kidogo kidogo, pikipiki haijasogea.

Halafu kuna mteremko, ambao video zote zimeusahau. Kwenye ukingo wa korongo pikipiki hulala matairi yakiwa juu na siti ikiwa chini, yaani imelala zaidi ya kulala. Kuinua kutoka hapo ni kuipandisha kilima kabla hujaanza kuisimamisha. Dawa yake ni kuigeuza kwanza ikiwa bado imelala: shika tairi la mbele, izungushe juu ya futresti kama mtu anayegeuza kitanda, mpaka matairi yawe upande wa chini. Halafu iinue, na mteremko wenyewe utakusaidia. Ya kilo 130 inageuka, kwa matusi lakini inageuka. Ya kilo 300 yenye sanduku lililojikita mchangani haigeuki. Nimejaribu. Unafungua sanduku kwanza, unatoa vitu kimoja kimoja, unavipanga juani kama muuza mitumba, na hapo umeshatumia lita moja ya maji.

Naijua hii kwa sababu niliwahi kuwa mjinga wa aina hiyohiyo. Rafiki aliniazima lake kubwa, la zaidi ya kilo 200, nikapita nalo upande wa mashariki wa ziwa. Korongo dogo tu, la kuruka kwa miguu. Nikaanguka kwa mwendo wa punda, na mguu wa kushoto ukabaki chini, sanduku juu ya kifundo. Kiatu ndicho kilichouokoa mguu. Huwezi kuinua pikipiki iliyokulalia. Unachoweza ni kusukuma siti kwa mguu mzima na kuchimba mchanga kwa mikono kama mbwa. Nilichimba karibu dakika arobaini. Akatokea layoni na mbuzi wake, mtoto wa miaka kumi au kumi na moja. Kwanza akacheka. Namuelewa, hata mimi ningecheka. Kisha akaingiza fimbo yake chini ya sanduku, akaikalia, nikachomoa mguu. Lakini kuinua ile mashine hatukuweza, yeye na mimi. Akaenda kuita wakubwa. Walikuja morani wanne, na hao ndio walioiinua, wakataka kupiga picha nayo.

Somo lenyewe lipo hapo kwenye idadi. Wengi hudhani "peke yako" maana yake hakuna watu. Bonde lile lina watu kuliko unavyodhani, ila ni mmojammoja: mtoto na mbuzi, mama na punda wa maji, mzee chini ya mgunga. Pikipiki nyepesi unaiinua na mtoto. Ikikataa kuwaka, mnaisukuma wawili hadi bomani, au inafungwa nyuma ya bodaboda nyingine ikapelekwa Engaruka imelala kama mbuzi wa mnada. Korongo likijaa, watu wanne wanapitisha miti miwili chini yake wanaivusha mabegani. Nzito inahitaji wanaume wanne kwa kila tatizo dogo, na wanaume wanne wako mnadani.

Kwa hiyo mimi kila boma nisimame, nizime injini, nisalimie. Wanafunzi wangu wa mjini hudhani ni adabu tu, wanaona nawachelewesha. Adabu ni kweli, lakini pia sasa kuna mtu anajua kwamba yule wa chanjo amepita hapa saa nne akielekea Magadini na hajarudi. Vifaa vya setilaiti vya kuomba msaada ni vizuri, ninacho kimoja. Ila jiulize ukibonyeza kitufe ujumbe unamfikia nani, na huyo nani ana gari gani, na yuko umbali wa saa ngapi. Mimi namwachia mke wangu karatasi: nisipopiga kufikia saa kumi na mbili jioni subiri, nisipopiga kufikia saa mbili asubuhi mpigie fulani. Usiandike "nitarudi jioni". Jioni ya nani?

Niwe muungwana kwa wenye mashine kubwa. Kwenye lami, Arusha hadi Namanga na upepo wa malori, ningependa kuwa juu yake kuliko juu ya Boxer. Kwenye barabara iliyojikunja kama bati, shokapu zake nzuri humeza yale mawimbi, wakati kile kidogo kinakutikisa meno mpaka usahau jina lako. Na tairi lisilo na tyubu unaliziba na mshikaki wa mpira kwa dakika tano bila kulifungua, wakati mimi nimekaa chini na vyuma, kiraka na solusheni, nikipigana na tairi la nyuma. Hilo linaniuma kulikiri. Lakini rimu ikipinda kwenye jiwe upepo hautakaa, na rimu ya namna hiyo Engaruka hakuna. Yangu ipo, tena kwa mkopo.

Tanki kubwa si hoja. Lita 20 za ile BMW kwa kilometa 20 kila lita ni kilometa 400. Boxer ina kama lita 11, na kwa lita moja inakwenda kilometa 40. Fanya mwenyewe. Mchangani wote wawili mnakunywa zaidi, na petroli ya kwenye chupa za maji dukani kijijini injini ya kabureta huinywa bila kununa.

Mchanga wenyewe sitauongelea sana, maana haufundishiki kwa maandishi: simama, uzito nyuma kidogo, gia ya pili au ya tatu, resi isiyokatika, tazama mbali, sahau breki ya mbele. Anayekwambia "nenda polepole ndiyo salama" hajawahi kuvuka mchanga. Polepole ndiko tairi linakozama. Ila ukienda haraka ukiwa peke yako unaanguka vibaya zaidi, kwa hiyo kuna mahali mimi hushuka, naitembeza pembeni yangu ikiwa kwenye gia ya kwanza, na sioni aibu. Tena hilo nalo jaribu kulifanya na kilo 300.

Upepo wa matairi ndio unaonitia mashaka mpaka leo. Vitabu vinasema mchangani punguza, shuka hadi 15 au hata 12 kwenye geji ya psi, tairi lilale pana. Sawa. Lakini njia yetu ni mchanga meta mia, kisha mawe ya volkano meta mia, kisha miiba ya mgunga. Tairi laini likigonga jiwe, tyubu hubanwa na rimu ikatoboka matundu mawili kama ya meno ya nyoka. Nimeziba za hivyo nyingi. Siku hizi naenda na 18 safari nzima, mchangani nahangaika kidogo, mawe nayavumilia. Mwenzangu mmoja anapunguza na kujaza kwa pampu kila yanapobadilika, na anaanguka kidogo kuliko mimi. Labda yeye ndiye mwenye haki. Mimi sina subira ya pampu.

Jingine: nina umri wa miaka 51 na goti la kushoto halijawa lile la kabla ya layoni. Mwezi uliopita nilijipima kwa XR yangu, mzigo kamili, saa saba mchana. Mara ya tatu iliinuka, lakini kabla yake nilikaa chini nikanywa maji, na sijaamua kama kikao hicho kinahesabika. Mke wangu anasema kinahesabika, na kwamba jibu ni hapana.

Kijana wa Jumamosi nilimwambia mashine ikifika ailete uwanjani, ailaze chini mbele yangu, ainue, alaze, ainue, alaze. Akasema atakuja asubuhi na mapema kabla ya jua. Nikamwambia aje saa saba. Na masanduku asiyaache nyumbani.