Kuongoza Timu ya Waendesha Setilaiti: Yanayosemwa na Yalivyo

PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, iliondoka Virginia nchini Marekani tarehe 7 Novemba 2022 na kuachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 2 Desemba mwaka huohuo. Iliyosifiwa zaidi ilikuwa roketi iliyoibeba, pamoja na wahandisi watatu Waganda walioijenga setilaiti yenyewe katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Kazi iliyofuata, yaani kuisikiliza, kuipa amri na kuilinda, haikupewa nafasi kubwa katika mazungumzo, na penye ukimya wa namna hiyo dhana potofu hustawi. Nitazipitia zinazomhusu hasa kiongozi wa timu ya uendeshaji, kwa sababu chombo kikinyamaza, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

“Kiongozi huiendesha setilaiti mwenyewe, usiku na mchana, kama rubani.”

Ukweli ni kwamba kwa sehemu kubwa ya siku setilaiti haisikiki kabisa. Iliyo kilomita 400 hivi juu ya ardhi huizunguka dunia kwa takriban dakika 90, na inapopita juu ya kituo cha ardhini, kama kile cha Mpoma wilayani Mukono, huonekana kwa muda usiozidi dakika kumi hivi. Nafasi za mawasiliano ni chache kwa siku, na katika baadhi yake chombo hupita chini sana karibu na upeo wa macho, hata mawimbi ya redio yakazuiwa na vilima na majengo. Ukizijumlisha dakika zote za siku, saa moja haitimii. Kazi ya kiongozi basi hufanyika katika saa zile nyingine: kuamua ni amri zipi zitumwe na kwa mpangilio gani, nani awe zamu, na nini kiachwe iwapo betri ya chombo itakutwa imeshuka.

Nafasi yenyewe ikifika, hakuna anayebuni jambo. Antena imekwisha kuelekezwa upande ambako setilaiti itachomoza. Mwendeshaji husoma kwanza volti za betri na joto la ndani ya chombo kabla ya kugusa kitu kingine. Kisha amri husomwa kwa sauti, mwenzake akiifuatilia herufi kwa herufi kwenye karatasi ya utaratibu, na wote wawili wakikubaliana ndipo hutumwa. Jibu husubiriwa. Dakika zikikaribia kwisha kiongozi husema basi, hata kama orodha haijamalizika, kwa kuwa mfuatano wa amri uliokatikia njiani unaweza kukiacha chombo pabaya kuliko pale ambapo hakuna kilichotumwa. Zamu inapokwisha, yaliyofanyika na yaliyosalia huandikwa kwenye daftari la makabidhiano, wala hayaachwi kwa masimulizi ya mdomo.

“Uganda iko kwenye ikweta, basi inaziona setilaiti vizuri kuliko nchi nyingine.”

Hapa ukweli ni nusu. Setilaiti za matangazo, zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, huzunguka sambamba na dunia na hivyo huonekana zimesimama mahali pamoja. Ndiyo maana madishi ya televisheni mjini Kampala yamelazwa yakitazama karibu utosini. Kwa setilaiti za chini zinazopita juu ya ncha za dunia, hata hivyo, ikweta si mahali pa kujivunia: kituo cha Svalbard, kaskazini ya mbali ya Norwe, huziona karibu katika kila mzunguko, ilhali kituo kilichoko Uganda huzipata mara chache tu kwa siku. Kiongozi anayelijua hili hutafuta mapema makubaliano ya kutumia antena za nchi nyingine, na hapo ndipo swali la usalama huanza, kwa sababu amri zake zitapita katika mitambo asiyoimiliki.

“Usalama wa anga za juu ni habari ya makombora.”

Makombora yapo, sikatai. Mwaka 2007 China iliivunja kwa kombora setilaiti yake yenyewe ya hali ya hewa, Fengyun-1C, na tarehe 15 Novemba 2021 Urusi ikafanya vivyo hivyo kwa Kosmos 1408, ambapo vipande zaidi ya 1,500 vinavyoweza kufuatiliwa vilitapakaa na wanaanga wa Kituo cha Kimataifa wakalazimika kujihifadhi ndani ya vyombo vyao vya kurudia. Lakini shambulio ambalo ningependa kila timu changa ilisome ni la tarehe 24 Februari 2022 dhidi ya KA-SAT, mtandao wa intaneti ya setilaiti wa kampuni ya Viasat. Setilaiti haikuguswa hata kidogo. Wadukuzi waliingia kupitia kifaa cha ardhini kilichowekewa mipangilio isiyo salama, wakaufikia mfumo wa usimamizi, na kutoka humo wakatuma amri zilizofuta kumbukumbu za modemu za wateja kwa makumi ya maelfu. Huduma ilikatika Ukraine na kwingineko Ulaya, na katika Ulaya ya Kati mitambo 5,800 hivi ya umeme wa upepo ikapoteza usimamizi wa mbali, ingawa iliendelea kuzunguka.

Kwa hiyo mlango unaomhusu kiongozi wa timu uko chini, kwenye kompyuta na watu wake. Akaunti ya mfanyakazi aliyeacha kazi imefungwa? Kompyuta inayotuma amri imeunganishwa na intaneti kwa sababu ya msingi au kwa uvivu tu? Nani anaruhusiwa kuchomeka fleshi? Wapo wanaosema setilaiti ndogo haina wa kuitamani, na husahau kwamba mawimbi yake humfikia yeyote mwenye redio na antena inayofaa. Kusikilizwa hakudhuru sana. Kinachopaswa kulindwa ni uwezo wa kuiamuru, na chombo kinachotii amri yoyote bila kuhakikisha imetoka kwa nani hakina mwenyewe.

“Mhandisi hodari kuliko wote ndiye afanywe kiongozi.”

Umahiri unahitajika, ila vyombo vingi vimeponzwa na utaratibu uliolegea huku mafundi bingwa wakiwapo. Hitomi, setilaiti ya Japani ya kuchunguza miale ya eksirei, ilirushwa tarehe 17 Februari 2016 na kupotea tarehe 26 Machi. Chombo kilidhani kinazunguka ilhali kimetulia; katika kujizuia kikaanza kuzunguka kweli; na mfumo wa dharura ulipowasha injini ndogo ili kukituliza, ulitumia vigezo visivyo sahihi, vilivyopelekwa kutoka ardhini majuma kadhaa kabla bila kuhakikiwa ipasavyo. Mzunguko ukaongezeka hadi chombo kikavunjika. Kwa maoni yangu, anayefaa kuongoza ni yule anayeweza kumwambia bingwa wa timu, mbele ya wote na bila kumvunjia heshima, kwamba vigezo vyake havitatumwa mpaka mtu wa pili avijaribu.

“Nchi ndogo haina wajibu mkubwa huko juu.”

Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, ambao Uganda ni mwanachama wake, unaifanya kila serikali iwajibike kwa shughuli za taifa lake angani, zikiwamo za kampuni binafsi. Na mabaki hayachagui pa kuangukia: tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi iliyotoka kwenye roketi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, kwa jirani zetu wa Kenya.

“Onyo la mgongano likifika, setilaiti husogezwa.”

Jeshi la Anga za Juu la Marekani hutuma maonyo kwa waendeshaji wa nchi mbalimbali bila malipo, ila onyo huja kama makisio ya uwezekano. Mashirika makubwa huanza kufikiria kusogeza chombo uwezekano unapofikia 1 kati ya 10,000. Chini ya hapo mafuta hayatumiwi ovyo, na setilaiti ndogo za ukubwa wa PearlAfricaSat-1, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, kwa kawaida hazina injini ya kuzisogeza. Makisio nayo hukosea: kabla ya setilaiti mbili, Iridium 33 na Kosmos 2251, kugongana juu ya Siberia tarehe 10 Februari 2009, utabiri uliokuwa hadharani ulionyesha kwamba zingepishana kwa mita 584.

Asiye na injini bado ana kazi, nayo ni kupatikana: kutoa vipimo sahihi vya mahali chombo kilipo, na kumjibu mwenye chombo kingine anapouliza nani apishe. Septemba 2019 Shirika la Anga za Juu la Ulaya liliisogeza setilaiti yake Aeolus ili kuikwepa Starlink 44, setilaiti ya kampuni ya SpaceX, na kampuni hiyo ikaeleza baadaye kwamba hitilafu katika mfumo wake wa kumwita mtu wa zamu ilimfanya asizione barua za mwisho kuhusu hatari iliyokuwa imeongezeka.