Kupima umeme wa retina kwa asiyeona usiku

Wavuvi wa dagaa huku Mwanza huingia ziwani usiku usio na mbalamwezi, taa zikiwaka juu ya maji kuwavuta samaki. Mmoja wao akianza kupoteza uoni wa usiku, wenzake mtumbwini hujua kabla ya daktari: chini ya taa yuko sawa, akigeukia gizani anakanyaga nyavu. Mchana kliniki anasoma herufi hadi mstari wa mwisho. Miwani hapo haina kazi.

Mtu kama huyo namtaka kwenye elektroretinogramu, kipimo cha umeme wa retina. Retina, utando wa nyuma ya jicho, hugeuza mwanga kuwa umeme, na umeme huo unapimika. Frithiof Holmgren aliuonyesha Uswidi mwaka 1865.

Tunatanua mboni kwa dawa ya matone, kisha mgonjwa anakaa kwenye giza totoro dakika 20. Hapa sina msamaha: simu ikiwaka, tunaanza upya. Rodi, seli za mwanga hafifu, huchelewa kuzoea giza, na ukiziharakisha utasoma udhaifu usiokuwepo. Halafu uzi mwembamba unaopitisha umeme unalazwa ukingoni mwa kope la chini, ukigusa jicho. Hauumi, unakera kidogo, basi. Tunapiga mwanga.

Kwenye skrini linachoreka bonde, kisha kilima. Bonde ni kazi ya seli zinazopokea mwanga. Kilima hutokana na baipola, seli zinazopokea ujumbe wao. Bonde likiwa zima huku kilima kimezama, mwanga ulipokelewa ila habari haikupita, kama ilivyo kwa baadhi ya wanaozaliwa hawaoni usiku. Vyote vikilala, nafikiria retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi, hata kama retina kwa macho bado inaonekana safi. Lakini upungufu wa vitamini A nao hudhoofisha rodi, na huo unatibika. Kwa hiyo kabla mtu hajaambiwa "ni ya ukoo", naulizia chakula, ini na tumbo.

Koni, seli za mchana na rangi, tunazipima kwa mwanga unaomemeta mara 30 kwa sekunde. Rodi haziwezi kasi hiyo.

Kipimo hiki hujumlisha retina nzima, hivyo sehemu ndogo ya katikati inaweza kuharibika, mtu akashindwa kusoma, na mchoro ukatoka mzuri. Presha ya macho nayo hukipita kimyakimya. Ila kwa mtoto wa jicho aliyekomaa hadi mboni kuwa nyeupe, nakithamini sana: sioni ndani, lakini mwanga mkali hupenya. Aliyevuka na feri kutoka Ukerewe kutafuta upasuaji, namwambia kabla hajapasuliwa kama retina yake bado inajibu.